Kamera Imefika Lubao: Imeona Nini?

Kama uko jikoni, endelea kusonga ugali wako, sauti itakufikia. Kama uko kwenye boda boda na redio imefungwa kwenye usukani, tafadhali tazama barabara, mimi nisikilize tu kwa masikio.

Leo nataka tuzungumze kuhusu kamera ya video na utafiti wa jamii. Zamani mtafiti alitambulika kwa daftari na kalamu iliyotobolewa ncha kwa kutafunwa. Siku hizi anakuja na kamera juu ya miguu mitatu, au na simu yake tu, anarekodi watu wakiuza, wakilima, wakifundisha, wakilea watoto, halafu anarudi chuoni na kuandika kitabu juu yao. Swali langu ni hili: mtafiti huyo akisimamisha kamera sokoni Lubao kutwa nzima, jioni anaondoka na nini hasa? Anaondoka na habari za Lubao, au na picha za watu wanaofungua na kufumba midomo?

Msimamo wangu nautoa mapema. Video ni chombo kizuri cha utafiti, na sina ugomvi nacho. Lakini kinachoingia kwenye kamera ni nusu ya habari. Nusu ya pili imo kichwani mwa yule aliyerekodiwa, na haipatikani mpaka mtafiti arudi, amketishe mwenye picha, amwonyeshe, kisha anyamaze amsikilize. Asiyerudi hakumaliza kazi, hata akipewa shahada.

Kwa msikilizaji aliye mbali, Lubao ni soko lililo kando ya barabara kuu itokayo mjini Kakamega kwenda Webuye. Kuna mboga, nguo za mitumba, mahindi na kuku kama soko lolote la magharibi mwa Kenya. Lakini kilichoipeleka Lubao kwenye magazeti na televisheni za nchi ni biashara ya mbwa. Watu huja na mbwa kwenye kamba, wengine hutoka kaunti za jirani, na mbwa hubadili mmiliki pale pale kwa fedha taslimu.

Sasa chukulia kwamba mwanafunzi wa sosholojia pale Chuo Kikuu cha Masinde Muliro anataka kujua hivi: watu wasiofahamiana wanaaminianaje katika biashara isiyo na risiti? Mbwa hana cheti wala bei iliyobandikwa. Muuzaji anakuapia kwamba huyu ni mkali, mwizi akipita hata barabarani atajuta. Unamfikisha nyumbani, usiku wa kwanza mwizi anamruka akiwa amelala mlangoni. Utamdai nani?

Mwanafunzi wetu akija na hojaji, atamuuliza mnunuzi: unaangalia nini unapochagua mbwa? Mnunuzi atajibu kwamba anaangalia afya, umri na bei. Ni majibu safi kabisa, yanaingia kwenye jedwali bila kusukumwa. Lakini mtazame mnunuzi huyo huyo akiwa kazini. Anampita mbwa anayemtaka kana kwamba hakumwona. Anasimama kwa mwingine, anauliza bei, anacheka, anaondoka. Anazunguka na kutokea upande wa pili. Safari hii anachuchumaa, anamfunua mbwa midomo atazame meno, kisha anapiga mguu chini ghafla aone kama atarudi nyuma au ataunguruma. Muuzaji naye anavuta kamba kidogo tu ili mbwa asimame wima. Halafu anapita mtu wa tatu, si muuzaji, si mnunuzi, anasema neno moja kwa Kikabras, wote wanacheka, na tangu hapo bei inaanza kuteremka.

Jioni muulize mnunuzi bei iliteremkaje. Atakwambia, "Tulielewana." Wala hadanganyi. Yako mambo ambayo mwili unayajua kuliko ulimi, na mtu akiulizwa hawezi kuyataja kwa sababu hajawahi kuyataja hata kwa nafsi yake. Hapo ndipo kamera inapoizidi hojaji, na kulizidi daftari pia. Mkono wa mtafiti hauwezi kuandika macho, mguu, kamba, kicheko na neno la Kikabras vyote kwa wakati mmoja. Kamera inavichukua pamoja, na unaweza kuvirudia usiku, kesho na mwaka ujao, ukamwita na mwenzako atazame kile kile ulichokitazama na akubishie.

Ubishi huo una thamani kubwa katika utafiti. Katika uchunguzi wa kimataifa wa mwaka 1995 kuhusu ufundishaji wa hisabati, watafiti wakiongozwa na James Stigler walirekodi masomo 231 ya darasa la nane katika Ujerumani, Japani na Marekani. Kabla ya hapo kila nchi ilikuwa na hadithi yake juu ya walimu wa nchi nyingine. Zilipowekwa video mezani, watu wa nchi tofauti walikaa wakatazama darasa moja, wakasimamisha, wakarudisha nyuma, wakahesabu mwalimu anawaachia wanafunzi muda gani wa kufikiri wenyewe. Ikaonekana kwamba mwanafunzi wa Japani alipewa nafasi kubwa zaidi ya kuhangaika na swali jipya, huku wa Marekani akitumia muda mwingi kurudia njia aliyoonyeshwa. Hakuna hojaji ambayo ingefika hapo, kwa sababu karibu kila mwalimu duniani ukimuuliza atakwambia anawapa wanafunzi nafasi ya kufikiri.

Na watu hawakuanza jana kuchunguza jamii kwa kamera. Mwaka 1895 huko Paris daktari Mfaransa, Félix-Louis Regnault, alimpiga picha za kusonga mwanamke wa Kiwolofu kutoka Afrika Magharibi akifinyanga chungu. Kati ya 1936 na 1939 wanaanthropolojia Margaret Mead na Gregory Bateson walikuwa kisiwani Bali, wakarudi na picha za mnato zipatazo 25,000 pamoja na filamu nyingi. Lakini filamu ilikuwa ghali. Mkanda wa milimita 16 wenye urefu wa futi 100 hauchezi hata dakika tatu, kwa hiyo mtafiti alilazimika kufikiri kabla ya kubonyeza. Mwaka 1967 Sony ikatoa Portapak, mtambo wa video ambao mtu mmoja aliweza kuubeba begani. Leo mwenye boda boda pale stendi ya Lubao ana simu inayorekodi saa nzima bila kumgharimu mkanda wowote. Matokeo yake ni kwamba watafiti wengine wanabonyeza kwanza, wanafikiri baadaye. Wanarudi chuoni na saa mia za video, na kila saa moja inahitaji siku nzima au zaidi ya kuinukuu kwa maandishi, hasa pale ambapo watu wanne wanazungumza pamoja kwa Kikabras, Kiisukha, Kiswahili na Kiingereza ndani ya sentensi moja, huku trekta la miwa likinguruma kuelekea kiwandani.

Tuje kwenye matatizo. La kwanza kila mtu analijua: ukimwelekezea mtu kamera, anabadilika. Mama mboga anayekaripia wateja tangu asubuhi anageuka malaika. Watafiti wameyapima haya humu humu Kenya. Mwaka 2014 Amy Pickering na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika shule za msingi, ambako kamera za video ziliwekwa mahali pa kunawia mikono, na siku nyingine akawepo pia mtu mwenye daftari akiwatazama wanafunzi. Walitaka kujua kama kuwepo kwa mtazamaji kunabadilisha tabia, na wakaona kwamba kunabadilisha. Lakini video iliwaonyesha jambo jingine: mtoto akiwa na mwenzake pale kwenye maji, alielekea zaidi kunawa kuliko akiwa peke yake. Tunadhani mwanadamu hujipodoa kwa ajili ya mgeni mwenye kamera tu. Kumbe jirani naye ni kamera, na amekuwa pale siku zote.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema video haifai kwa sababu watu wanajifanya. Watu hujifanya hata bila video, ndiyo maisha ya kijamii yenyewe. Isitoshe, muuzaji mwenye mbwa watano anaovutana nao na mteja anayetaka kuondoka hana nafasi ya kumwigizia mwanafunzi wa chuo kutwa nzima. Ataigiza nusu saa, halafu biashara itamrudisha kwenye hali yake.

La pili ni mahali kamera iliposimama. Kamera ina jicho moja, na mgongo wake hauoni. Ukiisimamisha palipo na mbwa, utapata wanaume wengi, na utaandika kwamba soko la Lubao ni la wanaume. Ukiigeuza upande wa mboga na nafaka, utaandika kinyume chake. Ukiipandisha juu ili uone soko zima, utapata vichwa na kofia bila neno hata moja. Uamuzi wa pa kusimama ni uamuzi juu ya nani atahesabiwa, na umeshafanywa kabla video haijaanza. Mtafiti mwaminifu anaandika waziwazi: nilisimama hapa, kwa sababu hii, na haya hapa sikuyaona.

Lakini hayo yote yana dawa. Tatizo kubwa, ambalo kamera bora haiwezi kulitibu, ni maana.

Twende kwa majirani zetu wa Kisii. Kati ya 1974 na 1976 mwanaanthropolojia Robert LeVine na wenzake walichunguza malezi ya watoto wachanga huko. Akina mama walirekodiwa wakiwa ana kwa ana na watoto wao, wakalinganishwa na akina mama wa Kimarekani. Mama wa Kimarekani, mtoto akianza kuchangamka, alizidi kumchangamsha, akimkodolea macho na kumsemesha. Mama wa Kisii, pale pale mtoto anapofikia kilele cha furaha, aligeuza uso pembeni. Sasa mpe video hiyo mtu asiyejua lolote, umzimie sauti, umuulize anaona nini. Wengi watasema wanaona mama asiyempenda mwanawe.

Na wangekosea vibaya. Mama huyo huyo mtoto akilia anamfikia upesi, anamnyonyesha, analala naye, anambeba mchana kutwa. Kwa mama wa Kisii wa wakati ule, mtoto mwema ni mtoto mtulivu, na kazi ya mama ni kumtuliza, si kumsisimua. Tena katika adabu za Wakisii kukodoleana macho si jambo jepesi, watu huchunga jicho linamwangukia nani. LeVine na wenzake waliyajua hayo kwa sababu walikaa, wakauliza, wakaijua jamii. Kwenye video yenyewe hayamo. Ungeikuza picha mara kumi usingeyaona.

Panda kaskazini hadi Turkana. Mwaka 1973 na 1974 David na Judith MacDougall walipiga filamu katika boma la mzee aitwaye Lorang. Moja kati ya filamu hizo, iliyotoka 1977, inafuatilia mahari ya binti yake Akai, ambaye alikuwa akiolewa na Kongu, rika la baba yake. Ngamia wangapi, mbuzi wangapi, nani kati ya jamaa apate nini. Kamera ipo, maneno yanasikika, tafsiri imeandikwa chini ya picha. Na bado mtazamaji anabaki akijiuliza: huyu aliyekasirika, amekasirika kweli au anapandisha dau? Huyu aliyesema anaondoka, ana nia ya kuondoka? Wapiga filamu wenyewe hawakuficha kwamba kuna mambo yaliwapita. Mtu yeyote wa hapa kwetu aliyewahi kwenda kupeleka ng'ombe wa mahari anaelewa vizuri. Kuna hasira ya kweli na kuna hasira ya kikao, na nyuso zake ni mamoja.

Wengine watasema, basi hayo ni mambo ya mila, lakini tukio la wazi kama mtu kupigwa, video inajitosheleza. Haijitoshelezi. Usiku wa tarehe 3 Machi 1991 mjini Los Angeles, George Holliday akiwa kwenye roshani ya nyumba yake alirekodi askari wakimpiga Rodney King. Dunia nzima iliona. Mwaka uliofuata kesi iliposikilizwa, mawakili wa askari hawakuikana video. Waliichukua wakaifanya yao. Waliipunguza mwendo, wakaisimamisha picha kwa picha, wakamleta mtaalamu wa polisi awafundishe wazee wa baraza kuitazama: mguu ukitikisika hivi, huo ni ukaidi, mwili ukiinuka hivi, hiyo ni dalili ya kushambulia. Katika kesi ile hakuna askari hata mmoja aliyetiwa hatiani, na Los Angeles ikawaka moto. Mwaka 1994 mtaalamu wa mawasiliano Charles Goodwin aliandika uchambuzi mashuhuri kuhusu jambo hili. Alionyesha kwamba anayepewa nafasi ya kueleza picha ndiye anayeamua picha inaonyesha nini. Katika ile kesi aliyeieleza alikuwa polisi. Aliyepigwa hakuitwa aeleze mwili wake ulikuwa ukifanya nini pale chini.

Sasa rudi nami Lubao. Katika utafiti mwingi unaofanywa vijijini mwetu, nani anapewa nafasi ya kueleza picha? Mtafiti, msimamizi wake, na pengine msaidizi aliyeajiriwa kunukuu maneno. Aliyerekodiwa hayumo. Anatazamwa na kuelezwa, na hana habari kwamba kesi yake inasikilizwa.

Ndiyo maana nasema picha irudi. Na si wazo langu, lina umri wake. Mfaransa Jean Rouch alipiga filamu ya wawindaji wa kiboko kwenye mto Niger mwaka 1951. Alipoirudisha miaka michache baadaye akawaonyesha wenyewe kijijini Ayorou, waliitazama kwa makini, kisha wakamkosoa. Rouch alikuwa ameweka muziki wa wawindaji juu ya picha ya kumnyemelea mnyama, kwa kudhani ananogesha. Wawindaji wakamwambia kiboko ana masikio. Ukipiga muziki atakimbia. Mtaalamu wa Paris alikuwa ametazama uwindaji ule kwa macho yake na kwa kamera yake, na jambo la msingi kabisa, yaani ukimya, likampita. Alilipata kwa kuonyesha filamu tu.

Karibu zaidi na nyumbani, miaka ya 1990 huko Mtwara, kusini mwa Tanzania, kikundi kiitwacho Maneno Mengi kilitumia video pamoja na wavuvi wakati uvuvi wa baruti ulipokuwa ukiyaua matumbawe na mazalia ya samaki. Wavuvi walizungumza mbele ya kamera, wakaonyeshwa walichosema, wakajadiliana na vijiji vingine kwa kutazama picha zao kwa zamu, na kanda hizo zikafika hadi kwa viongozi waliozoea kusema kwamba hawana habari. Pale video haikuwa ya mtafiti kujazia kabati lake. Ilikuwa barua ya wavuvi kwa wenzao na kwa serikali, na katika kuitazama pamoja wakayajua mambo yao vizuri kuliko ambavyo mgeni angeyajua kwa kuuliza maswali.

Tumpeleke basi mwanafunzi wetu Lubao kwa mara ya pili, na kompyuta yake ndogo. Aombe chumba kanisani au nyuma ya duka, pasiwe na jua kwenye kioo. Awaketishe muuzaji na mnunuzi, kila mmoja kwa wakati wake, aweke ile sehemu ya kicheko. Huenda mzee muuzaji akamwambia, "Kijana wangu, rudisha nyuma kidogo. Hapo. Unamwona huyu aliyepita? Huyo ni shemeji yangu. Shemeji akishasimama hapo, mimi nitang'ang'ania bei na uso gani?" Kwa neno hilo moja swali la utafiti limegeuka. Mwanafunzi alidhani anachunguza jinsi watu wasiofahamiana wanavyoaminiana. Kumbe mnunuzi alizunguka soko zima akitafuta, pamoja na mbwa, mtu anayewafahamu wote wawili. Ule mzunguko ambao kamera iliuonyesha kama ujanja wa bei ulikuwa ni kumsubiri shemeji. Nimetoa mfano tu wa jinsi jibu linavyoweza kutokea, lakini kila aliyekulia kwenye masoko yetu anajua kwamba majibu ya namna hiyo yapo, na kwamba hayaonekani kwa lenzi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Najua pingamizi zitakazonifikia kwenye simu ya studio. Ya kwanza: mtu akijiona kwenye video atatunga maelezo ya kujipendezesha. Kweli, wengine watatunga. Lakini mtafiti anayo picha, na anayo maelezo ya mwenzake aliyeketi peke yake. Pale maelezo yanapogongana na picha, au yanapogongana yenyewe, ndipo palipo na kazi ya maana ya kuchunguza. Ya pili: ukiwakusanya watu watazame pamoja, watazungumza wazee na mwenyekiti wa soko, vijana na akina mama watainamisha vichwa. Hii ni kweli zaidi, na dawa yake ni kuonyesha kwa makundi madogo, akina mama peke yao, wachuuzi wadogo peke yao. Ya tatu ni pesa na muda. Hapa sina huruma. Ukiwa na pesa za kuja kuchukua, huwezi kukosa za kuja kuonyesha.

Na kuna sababu nyingine ya kurudi, ambayo ni ya sheria na ya heshima. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inamhakikishia kila mtu faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu picha ya mtu kuwa data yake, inataka idhini ya kweli, inampa haki ya kuiondoa idhini hiyo, na kwa mtoto inataka idhini ya mzazi au mlezi. Utafiti unapewa nafuu fulani, ila matokeo yasitangazwe kwa namna itakayomtambulisha mtu. Sheria hii ina meno. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi, na mkahawa mmoja wa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa yake. Pamoja na hayo, mtafiti yeyote anatakiwa awe na kibali cha NACOSTI, yaani tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na baraka za kamati ya maadili.

Lakini karatasi na idhini si kitu kimoja. Watu wa Kakamega, Bungoma na Vihiga si wageni wa utafiti. Mradi mmoja mkubwa wa maji, usafi na lishe ulioanza kuandikisha watu mwaka 2012 uliwachukua wajawazito 8,246 katika kaunti hizi tatu. Watu wetu wamezoea kusomewa fomu. Wamezoea kiasi kwamba mama anaweka sahihi ukurasa wa mwisho kabla hujamaliza wa kwanza, ili ukimaliza aende akatoe maharagwe motoni. Na hata ukimsomea neno kwa neno, unamwomba akubali kitu ambacho bado hakipo. Anajuaje video itamwonyesha vipi? Atatokea akicheka, akitukana, akipokea pesa ambazo mumewe hazijui?

Sokoni mambo yanazidi kuwa magumu. Ukiomba ruhusa kwa chifu na kwa mwenyekiti wa soko, umepata ruhusa ya kuingia sokoni. Hujapata ruhusa ya kila uso utakaopita mbele ya lenzi. Na usijidanganye kwamba ukiziba nyuso kwa ukungu umemficha mtu. Mjini Nairobi labda. Lubao watamjua kwa kofia, kwa mwendo, kwa sauti, na wasipomjua yeye watamjua mbwa wake.

Kwa hiyo idhini iombwe mara mbili. Ya kwanza kabla ya kurekodi, ili mtu ajue kamera ipo na kwa nini. Ya pili baada ya kuona, pale mtu anapoweza kusema: hii tumia, hii onyesha darasani tu, hii ifute nikiona. Idhini ya pili ndiyo ya mtu aliyefumbua macho. Na ona jinsi mambo haya yanavyoshikana: kikao kile kile kinachompa mtafiti maana ndicho kinachompa mwananchi uamuzi. Hakuna haja ya kurudi mara mbili.

Ombi langu kwa kamati za maadili za vyuo vyetu, kuanzia hapo Masinde Muliro na kwingineko, ni dogo na linapimika. Mwanafunzi akileta pendekezo la utafiti wa video, msiishie kuuliza fomu ya idhini iko wapi. Fungueni ukurasa wa bajeti. Kama kuna fungu la kamera, la memori kadi na la nauli ya kwenda, na hakuna fungu la kurudi kuonyesha, mrudishieni karatasi zake akaandike upya.

Na wewe unayeuza pale Lubao, mboga, mitumba au mbwa, mgeni mwenye kamera akija, mkaribishe, maana mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini kabla hajabonyeza, muulize utaona lini alichokirekodi, na akikupa tarehe, iandike. Akisema hatarudi, una haki ya kumwambia aelekeze kamera yake kwingine.

Laini zetu za simu ziko wazi mpaka muda wa taarifa ya habari. Kama umewahi kurekodiwa na mtafiti, tupigie utuambie kama uliwahi kuiona picha yako.